Shingo ya Salima wa Mtanda

Saa moja asubuhi, Salima wa Mtanda akiwa anageuza vitumbua, redio ilisema akiba ya nchi ya fedha za kigeni na dhahabu imepanda tena. Kichwa chake kikaenda kulia, polepole, mpaka sikio likagusa bega. Akamaliza kikaango kile vilevile alivyo, wala hakuunguza hata kimoja.

Hereni zake hazikuwa pacha. Ya kulia baba yake alimnunulia mama yake hapahapa Lindi. Ya kushoto ilikuja na bibi yake, mzaa mama, alipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tangu alipozivaa, kila sikio lilibeba akiba ya nchi ilikotoka hereni yake. Wakati wa mimba ya Fauzia tofauti ilikuwa ndogo, shingo ikicheza tu huku na huku. Fauzia alipomaliza la saba, ya kulia ilishaiacha mwenzake mbali. Wa ng'ambo ya Ruvuma nao wakiongeza, Salima alipata nafuu ya wiki mbili tatu. Nchi ya huku ilipoanza kujiwekea dhahabu, ikawa hawezi kulalia ubavu mwingine.

"Shikamoo, Mama Fauzia." Alikuwa Amiri mwenye duka, amefuata vitumbua vyake vinne. "Leo tumelalia wapi?"

"Marahaba. Huna macho? Kulia."

"Basi dola zipo. Naagiza mafuta ya kula."

"Agiza, na bei ushushe."

"Aa, mama. Bei haijui shingo."

Hofu ya Salima ilikuwa Jumamosi. Fauzia alikuwa anaolewa, na kwao mama humvalisha binti wa kwanza hereni zake mwenyewe kabla hajatoka nyumbani. Jioni ya jana Fauzia alijaribu ile ya kulia mbele ya kioo, akaangukia kitanda.

"Nzito hii, mama."

"Ndiyo nchi hiyo," Salima alisema, akamvua.

Vitumbua vilipokwisha akaenda kwa sonara Ibrahimu. Aliwaza auze zote mbili, mtoto aanze maisha na cherehani. Ibrahimu akaiweka ya kulia kwenye mzani wake mdogo wa kioo. Meza ikalia, mguu wake mmoja ukazama sakafuni. Mzani ukasoma gramu mbili.

"Gramu mbili?"

"Gramu mbili, mama."

"Na meza je?"

Ibrahimu akautazama mguu wa meza. "Uzito huo ni wa taifa. Mimi nanunua dhahabu."

"Miaka ishirini na mbili nimebeba, halafu gramu mbili? Nirudishie."

Jumamosi somo aliyemfunda Fauzia, Bibi Likwata, alishika sahani yenye hereni kwa mikono miwili, ameiegemeza tumboni kwa uzito.

"Mvalishe, Salima. Mwari hatoki na masikio matupu. Watasema umekula dhahabu ya mtoto."

"Waseme. Wakichoka watapumzika."

"Wewe ulivaa. Mimi nilivaa za mama yangu."

"Ndiyo maana tunatazamana kwa upande, bibi, kama kuku."

Likwata akataka kucheka, akajizuia. Salima akavunja njiti mbili za ufagio wa chelewa, akazipaka mafuta ya nazi, akamchomeka mwanawe masikioni. Kisha akachukua nyundo na misumari miwili, akazitundika hereni juu ya mlango wa mbele, moja kulia, moja kushoto. Fauzia akapita chini yake, shingo imenyooka, akaenda kwa mumewe. Wanawake wa kule walitazama njiti, wakanong'ona, wakala pilau.

Taarifa iliyofuata ya akiba, nyumba ililalia kulia. Ukuta ukapata ufa wa kupitisha mkono, na vitumbua vikawa vinamiminikia upande mmoja wa kikaango. Salima akaweka kipande cha tofali chini ya jiko. Shingo yake ilikuwa imenyooka, akaona paa la jirani ambalo hakuwahi kuliona vizuri.

Mwezi haukuisha, akaja afisa mmoja wa manispaa na fomu. Akaizunguka nyumba mara mbili.

"Mama, nyumba imeinama. Unatakiwa uinyooshe kwa gharama zako ndani ya siku thelathini."

"Redio umeisikia?"

"Nimeisikia. Akiba iko vizuri."

"Basi andika."

Afisa akaandika, karatasi kaiegemeza ukutani.

"Na uandike imeinamia upande gani," Salima alisema, akageuza kitumbua.