Pete Iliyokazwa kwa Vidole

Mkono wa kulia wa fundi saa ulikuwa umelazwa juu ya mto wa kitanda cha hospitali, umefungwa plasta kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Mke wake alinisogezea kiti.

"Karibu, dada. Yaani umefunga duka uje kumwona?"

Nikakaa. Walikuwa hawajui kwa nini alianguka. Hakuna aliyejua, ila mimi na shemeji.

Duka lilikuwa wazo la shemeji, mume wa dada yangu: vipuri vya baiskeli zile zisizo na friwili, ambazo gurudumu likizunguka pedeli nazo huzunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo, unazizuia kwa miguu. Watu walitucheka. "Hata punda hupumzika kwenye mteremko," dada alisema, "nyie mnauza kitu kisichopumzika?" Lakini waendesha mbio wakaja, wakafuata wapeleka vifurushi, na mwaka wa tatu rafu zote zilikuwa zimejaa. Shemeji aliagiza vipuri, mimi nilifunga magurudumu. Gurudumu likitoka mikononi mwangu halikuyumba hata kwa unywele, nami nilipenda lisemwe hivyo.

Fundi saa alikuwa na chumba chake cha kazi mtaa wa pili. Alipotimiza miaka hamsini aliamua kuunda baiskeli yake mwenyewe, kipuri kimoja kila mwezi, na kila kimoja alikisogeza jichoni kwanza, kama ilivyo desturi ya kazi yake.

"Hii haina uongo," aliniambia. "Mguu ukisimama, nayo inasimama."

Breki alizikataa. Nilimshauri mara moja. Sikumshauri mara ya pili.

Asubuhi aliyoleta gurudumu la nyuma, niliikaza gia kwenye hesi zake, ile mikato inayozunguka kama ya skrubu, kisha nikaweka juu yake pete ya chuma, ile inayoizuia isifunguke mtu anapozuia pedeli. Niliiweka kwa vidole kwanza, spana ifuate. Ndipo wakaingia wateja wawili wakibishana juu ya kanda ya usukani, nyekundu au nyeusi, wakataka niwaamulie. Nikaamua. Tukacheka sana. Niliporudi kwenye gurudumu, nilidhani spana imeshapita.

Alianguka siku ya nne, kwenye mteremko wa kwenda sokoni. Alizuia pedeli, gia ikajifungua, miguu ikarudi nyuma bure. Kilichomsimamisha ni ukuta.

Jirani yake alituletea baiskeli. Shemeji akaipindua, akaiona pete imelegea, hesi zake zikiwa nzima, hazina hata mkwaruzo. Akanitazama.

"Tutasema pete ilikuwa mbovu. Mambo ya kiwandani. Nani atabisha?"

"Mimi."

"Shemeji, duka hili linalisha nyumba mbili."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo paliponiuma. Nikavua aproni, nikaenda hospitali.

"Pete haikuwa mbovu, fundi," nikamwambia. "Sikuikaza. Nilikuwa nacheka na watu."

Mke wake aliweka kikombe chini polepole. Fundi saa alizitazama ncha za vidole vyake zilizochungulia nje ya plasta.

"Spana ilikuwa wapi?"

"Mezani. Karibu na mkono wangu."

"Haya," akasema. "Nenda."

Habari haikuhitaji miguu. Kufikia mwisho wa mwezi nusu ya wateja walikuwa wamehama, na shemeji alizungumza nami mambo ya kazi tu. Dada alikuja mara moja, akanishika bega, akaondoka. Gurudumu lililofungwa na mimi lilikaguliwa na shemeji, kisha na mwenye nalo. Nilisimama pembeni nikingoja, na nikaona ni haki yao.

Plasta ilipokatwa, vidole viwili vya fundi saa vilikataa kukunjika. Alikuja mpaka mlangoni pa duka, hakuingia.

"Jumamosi una nafasi?"

Hivyo nikawa mkono wake. Alinivisha lenzi jichoni, akanikabidhi kibano. "Usiikamate skrubu," alisema. "Iazime." Nikiangusha kitu, alingoja hadi nikipate, nikitambaa sakafuni kwa magoti. Miezi saba, kila Jumamosi. Mteremko hatukuutaja kamwe. Mke wake alikuwa akileta chai, kikombe kimoja. Mwezi wa tatu akaanza kuleta viwili.

Jumamosi moja tulikuwa na saa ndogo ya kike. Nilikuwa nimeshanyanyua kigurudumu chake cha mwisho, chembamba kuliko ukucha, fundi saa alipokichukua kibano mkononi mwangu. Akakisogeza kigurudumu mahali pake. Kikaanguka. Akakiokota mwenyewe. Kikaanguka tena, na tena, nami nikaizuia mikono yangu chini ya meza. Mara ya nne kikakaa. Akafunika saa, akaisogeza sikioni, akasikiliza.

"Jumamosi ijayo usije," akasema.

"Nimekosea?"

"Hapana. Mkono wangu sasa unatosha."

Nikavua lenzi, nikaiweka mezani. Nilipotoka nje ilikuwa mchana bado, na kwa jicho langu lililozoea vitu vidogo, mtaa mzima ulionekana mbali sana.