Vidonge vya Jakom

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta kwingine, hasa kwa Duncan, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, ambaye cheo hicho huwa chake siku nyingine zote.

Nereah alinikuta Gatina, Kawangware, asubuhi ya Jumatatu nikichomelea mlango wa mteja. Mkono mmoja ulishika mfuko, wa pili ulishika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa.

"Nyar Alego!" nikamwita, yaani binti wa Alego. "Leo umeniletea nyama badala ya samaki?"

"Shemeji, nyinyi watu wa kuku mkiona chochote chenye miguu mnauliza ugali uko wapi. Huyu ni Jakom, kwetu maana yake mwenyekiti. Salimia mwenyekiti."

Hatukuwa mashemeji wa damu wala wa ndoa. Tulikuwa tumepakana ukuta wa mabati miaka mingi kule Sarang'ombe, Kibera, kabla sijahamia Kawangware. Yeye Mjaluo, mimi Mluhya, na kati yetu siku ikipita bila kutukanana kwa mapenzi ilikuwa kama siku ya kunyimana salamu. Yeye alikuwa akikaanga samaki kando ya njia. Mimi nilimtengenezea jiko lake la kwanza, na mpaka leo anasema linaegemea upande wa kwetu Bungoma.

Lakini siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Mama yake alikuwa amefariki, na alikuwa anakwenda Alego kumzika. Nikampa pole na nikauweka utani chini, kama mtu anavyoweka nyundo akisikia mtoto analia.

"Kule kuna umati, ngoma, magari," akasema. "Siwezi kumpeleka mbwa akiwa hivi. Na huku hakuna mwingine ninayemwamini."

Nikamtazama Jakom. Mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Nereah alimwokota nyuma ya kibanda chake angali mdogo wa kutosha kulala ndani ya sufuria. Alikua akawa mlinzi wake. Tangu vijana walipomkaba karibu na reli wakamwachia alama shingoni, Nereah hakuwahi kutoka alfajiri kwenda kununua samaki bila Jakom kumfikisha stegi ya matatu. Gari likiondoka, mbwa anarudi mwenyewe. Biashara yote ya yule mama ilitembea kwa miguu minne.

Kisha kikaja kifafa. Mara ya kwanza Jakom alianguka chini ya meza ya kukaangia, akatupa miguu, povu likamtoka. Watu walimwambia Nereah amtupe mbali. Yeye alimfunga kwa leso mgongoni kama mtoto, akampeleka kwa Nyamai, daktari wa mifugo mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la chakula cha kuku kule Kibera. Akapewa vidonge, asubuhi na jioni. Mwaka mzima mbwa akasimama. Halafu juzi tu degedege likarudi, Nyamai akaongeza kipimo, na ndiyo maana sasa miguu ya nyuma ya mwenyekiti ilikuwa inaenda kila mmoja na safari yake.

"Kidonge na nusu asubuhi, kidonge na nusu jioni," Nereah akasema. "Unakificha ndani ya ngozi ya samaki. Atayumba. Atakunywa maji mpaka ushangae. Atakojoa popote. Atakuwa na njaa isiyoisha. Hiyo ni dawa, si ugonjwa. Daktari anasema mwili utazoea, tuvumilie. Lakini usimkoseshe hata mara moja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia kama mtoto wa shule. Akainama, akashika kichwa cha Jakom kwa mikono miwili, akamwambia kitu kwa Kijaluo. Kisha akaniambia mimi, kwa Kiswahili, ili nisisingizie lugha: "Nakuachia mbwa wangu, shemeji."

Siku za kwanza nilifuata. Nilicheka pia, kwa sababu mimi kicheko ndicho chakula changu; nimelala njaa mara nyingi lakini sijalala nimenuna. Jakom alivuka uani akipepesuka, nami nikamtangaza: "Pisheni mlevi! Ametoka kwa mama pima!" Watoto wakamfuata kwa vishindo. Nilipoona wanamsumbua, nikawatisha: "Msimguse huyu. Ana pepo. Jua likifika katikati linaamka." Wakatimua mbio wakipiga mayowe ya raha, na ploti nzima ikaangua kicheko. Nilijiona mtu wa maana sana.

Maji ndiyo yaliyoanza kunivuruga. Kwetu mfereji unafunguliwa na Duncan siku anazotaka yeye, na kila mtungi una mwenyewe. Jakom alimaliza beseni langu, akaenda akamaliza la jirani lililokuwa la kusuuzia nguo, sabuni na yote. Kisha akayarudisha yale maji koridoni, mlango kwa mlango, kama mtu anayegawa mialiko.

"Khamala," Duncan akaniita, "hii ni ploti ama ni choo ya mbwa?"

"Ni mwenyekiti anakagua mipaka, buda."

"Mwambie mwenyekiti akague kwenu Bungoma. Watu wanateleza hapa."

Hayo ningeyamudu kwa mdomo. Lililonishinda ni kizingiti. Asubuhi ya Jumatano Jakom alitaka kuingia ndani, akainua mguu wa mbele, ya nyuma ikaachana, akaangukia kidevu. Hakulia. Aliinua macho akanitazama kwa haraka, kisha akatazama pembeni, kama mzee aliyeanguka mbele ya wakwe na sasa anangoja kuona nani ameona. Sikucheka. Nilimbeba nikamvusha.

Na tangu aje hakuwa ameanguka kifafa hata mara moja. Nikaanza kupiga hesabu zangu za nyumbani.

Kwetu, dawa haikuwahi kumalizwa. Homa ikishuka tu, vidonge vilivyobaki vinaingia kwenye kopo la majani chai juu ya kabati, vinamngoja mgonjwa ajaye. Mimi nimepona malaria kwa mabaki ya kaka yangu, na kaka yangu kwa mabaki ya jirani. Mtu kumeza dawa akiwa mzima ilikuwa kama kuvaa koti jua likiwaka, na tena koti la mwenzio. Basi nikajiambia: huyu kifafa kimemwacha, kilichobaki kumwangusha ni hii dawa. Jioni ile nikampa ngozi ya samaki tupu. Alitafuna, akalamba vidole vyangu, akatikisa mkia. Vidonge nikavitia kwenye kopo, nikafunika vizuri. Nereah akirudi, nitamkabidhi akiba. Nilitabasamu peke yangu nikifikiria atakavyoshukuru.

Na mnajua ubaya wa ujinga? Huanza kwa kufanikiwa. Alhamisi miguu ilinyooka kidogo. Ijumaa akambwekea Duncan, jambo lililonifurahisha zaidi ya nilivyoonyesha. Jumamosi alibeba kiatu changu mdomoni akazunguka nacho uani, sikio lake lililochanika limesimama. Nikamrekodia Nereah ujumbe wa sauti: "Nyar Alego, mbwa wako amepona. Lakini ukirudi utakuta ameshakuwa Mluhya, samaki hataki tena, anauliza kuku."

Jibu lilikuja mchana. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba na mwanamke mmoja akiomboleza.

"Asante, shemeji. Leo tumemlaza mama." Kisha akauliza: "Jakom anakunywa dawa?"

Nikamjibu: "Dawa iko salama."

Na ilikuwa salama kweli, ndani ya kopo.

Jumapili, kanisa linalopakana nasi lilikuwa linatoka. Watu na watoto wao waliovaa vizuri walikuwa wanapita mbele ya geti letu. Jakom alikuwa amelala hapo kivulini. Akainuka, akageuza kichwa upande mmoja kana kwamba kuna mtu amemwita, akaanguka ubavu. Miguu ikaanza kukimbia hewani. Povu. Meno.

"Kichaa!" mama mmoja akapiga ukemi. "Mbwa ana kichaa! Shikeni watoto!"

Nilitoka mbio nikiwa na kifua wazi, nimenyakua aproni yangu ya kazi mlangoni. "Si kichaa! Ni kifafa! Mwacheni, kitapita!"

Duncan alikuwa tayari ameshika mpini wa jembe. "Toka hapo, Khamala."

"Duncan, nakuapia, ni ugonjwa kama wa mtu. Ana daktari wake."

"Juzi ulisema ni mlevi. Ukasema ana pepo. Leo ni kifafa. Kesho utatuambia ni nini?"

Watoto wale wale niliowachekesha walikuwa wamejificha nyuma ya sketi za mama zao. Mmoja alikuwa anatetemeka na kusema, "Ndilo hilo pepo, ndilo hilo." Nikatafuta kwenye nyuso zote hizo mtu mmoja wa kuniamini, nikakumbuka kwamba wiki nzima nilikuwa nimewapa kila kitu isipokuwa ukweli. Jiwe la kwanza lilimpata Jakom mbavuni. La pili lilinipata mimi, maana nilikuwa nimeshamfunika kwa aproni yangu ya ngozi na kulala juu yake.

Kifafa kilipita. Jakom akasimama, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akagonga kichwa. Nikamwita. Hakunijua. Kisha akaanguka tena.

Nikampigia simu Nyamai, namba yake ilikuwa kwenye pakiti ya vidonge.

"Mara ya mwisho amekunywa dawa lini?" akauliza.

"Jumatano asubuhi."

Upande wa pili nikasikia kiti kikisukumwa.

"Mlete. Sasa hivi."

Boda wa kwanza alikataa. Wa pili alikubali nikimtia mbwa kwenye gunia. Tukatoka Gatina, nimemkumbatia, kichwa chake kimetokeza chini ya kidevu changu. Tulipofika Ngong Road alishikwa mara ya tatu, na kwa sababu alikuwa amebanwa kifuani kwangu, nilikipokea kile kifafa chote, mfupa kwa mfupa. Mwendesha boda alikuwa anauliza, "Buda, tusimame?" Nikawa nasema, "Twende." Nadhani nilisema hivyo mpaka Kibera.

Nyamai hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alimchoma sindano, akamfunika kwa taulo zilizoloweshwa maji maana mwili wake ulikuwa umewaka kama jiko, akachoma nyingine. Alizungumza huku mikono yake ikifanya kazi.

"Ubongo ulikuwa umeizoea ile dawa, umeiegemea. Ukitaka kuiondoa unaondoa kidogo kidogo, na mimi nikiangalia. Ukiivuta ghafla, vifafa vyote vinarudi kwa pamoja, na kwa hasira."

"Alikuwa anayumba, daktari. Alikuwa anaangukia kidevu."

"Najua. Zilibaki siku chache azoee."

Jakom akaendelea kutetemeka, kwa mbali, kama mbwa anayeota anakimbiza kitu. Miguu ikapunguza mwendo. Ikasimama. Nikashusha pumzi.

"Ametulia," nikasema.

Nyamai aliweka kiganja kifuani pa Jakom, akakiacha hapo kwa muda. "Ndiyo," akasema. "Ametulia."

Nilichimba kaburi mwenyewe, nyuma ya lile duka la chakula cha kuku. Udongo wa pale ni mgumu na umejaa plastiki. Sikumpigia Nereah. Mtu aliyemzika mama yake jana humpigii simu ya mbwa. Ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa nusu heshima, nusu woga.

Alirudi Jumanne. Nilimngoja mlangoni kwake Sarang'ombe nikiwa na lile kopo mkononi. Alikuja na begi, amenyoa nywele, amekonda. Kabla hajanisalimia alitazama nyuma ya miguu yangu.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, bila kichekesho hata kimoja, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aamini. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akafungua begi polepole, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka chini. Kilikuwa kichwa cha samaki mkubwa aina ya mbuta, kimekaushwa kwa moshi. Hakusema alikileta kwa ajili ya nani.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi mdomo wangu ukatafuta pa kujificha.

"Alikuwa anateseka, Nereah. Hukumwona anavyoanguka."

"Nilimwona kabla hujamwona wewe."

"Ploti yote ilikuwa imenigeukia. Mkojo, maji..."

"Na mimi hapa majirani zangu ni malaika?"

"Mimi si daktari."

"Sikutafuta daktari, daktari ninaye. Nilitafuta mtu wa kufunga kidonge kwa ngozi ya samaki."

Nje watu walikuwa wanapita na mitungi. Nereah alikuwa anagusa alama yake ya shingoni kwa kidole, bila kujua kwamba anaigusa.

"Kesho alfajiri nitakusindikiza mimi mpaka stegi," nikasema. "Kila siku. Nitatoka Gatina mapema."

"Kidonge mara mbili kwa siku kimekushinda. Utaiweza alfajiri yangu?"

Nilichokuwa nacho ni kopo. Nikalifungua, nikamwonyesha vile vidonge vyeupe, visafi, hata unyevu haujavigusa.

"Angalau sikutupa hata kimoja," nikasema. "Nimekuwekea vyote."

Nereah alivitazama. Akachukua kifuniko mkononi mwangu, akalifunika kopo mwenyewe, akanirudishia.

"Dawa umeitunza vizuri, Khamala," akasema. "Lakini mimi nilikuachia mbwa."