Nyumba ya Nafasi Tatu

Faudhia alikuwa uani kwake Ruangwa, anapepeta ufuta, simu ilipoita. Alikuwa bibi yake, Mwamina, kutoka Mnero kule Nachingwea.

"Mjukuu wangu, Amna yuko huku. Nimemkuta ghalani, kakaa juu ya gunia la makopa ya muhogo. Nimempa uji."

"Kanywa?"

"Kanywa. Hasemi kitu."

Faudhia akarudi kwenye ungo. Alisomea kompyuta chuoni, hakuhitaji kuelezwa: nyumba yake ilikwenda kama kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi zikijaa, kilichokaa muda mrefu zaidi bila kuitwa huhamishiwa ghalani, kikangoje huko mpaka kiitwe. Nyumba yake ilibeba watatu, ukimtoa yeye, maana anayeita hahamishwi. Na juzi Tunu, kichanga chake, alitimiza siku arobaini, akahesabiwa.

Tunu alijiita mwenyewe kwa kulia. Jamali, mumewe, fundi pikipiki, aliitwa na wateja kutwa. Amna, binti yake wa miaka minane, alifagia bila kutumwa na kulala bila kuambiwa. Nani angemwita, na kwa kosa gani?

Nafasi ya tatu aliishika Imrani, kifungua mimba wake. Homa ilimchukua mwaka juzi, lakini mahali pake mkekani palikuwa pamebonyea, pana joto. Mtaa mzima ulimwita tangu alfajiri. Mama Imrani, umeamkaje. Mama Imrani, naomba moto.

Jioni Faudhia alisimama mlangoni akaita, "Amna!"

Amna akaja, unga wa makopa nyweleni. Jamali, aliyekuwa akinawa, akawa hayupo; kata ikaanguka. Faudhia akamwita. Tunu akalia, jirani akasalimia, "Mama Imrani, hamjambo?" Jamali alipoingia, Amna alikuwa ameshaondoka. Wakaenda hivyo mpaka ugali ukapoa.

Jirani huyo, Sikudhani, alikuwa anatazama.

"Shoga, mbona dawa yake ndogo? Kuanzia kesho tukuite Mama Amna."

Faudhia aliutazama mkeka, pale palipobonyea. Akaosha vyombo.

Asubuhi Sikudhani akapiga hodi. "Umeamkaje, Mama..." Jina akamwachia yeye.

"Imrani," Faudhia akammalizia. "Nimeamka salama. Karibu."

Kisha akaingia ndani kuchukua sare za shule za Amna, azipeleke stendi, kwenye basi la Nachingwea. Alizikuta zimefuliwa, zimekunjwa, zimewekwa kwenye mfuko. Amna alikwishafanya yote hayo mwenyewe, bila kuambiwa.