Jembe Mbele ya Baba Dina

…na kati ya watu wote wa Ikungi wenye midomo, aliyesimama ni kaka yangu, Alute, mtoto wa mama yangu mzazi, jembe begani kama mtu anayekwenda shamba, mwezi wa tisa huu, ardhi imekauka kama kigae, nani analima mwezi wa tisa, nilimwona tangu anapenya kule nyuma nikasema huyu leo ana lake jambo, na sasa amelibwaga juu ya meza ya wagombea mbele ya mume wangu, vumbi limeruka mpaka kwenye miwani ya mwenyekiti, "Baba Dina," anasema, "shemeji yangu, alama yako ni jembe, jembe ndilo hilo, lima hapa tukuone," na uwanja mzima umecheka, hata mimi kicheko kilinifika hapa kooni kabla sijakumbuka mimi ni mke wa nani, halafu kicheko kikakatika, maana mume wangu Mughwai hajacheka, analitazama tu lile jembe, na mikono yangu imesimama kwenye kikapu ninachosuka, ukindu uko hewani, haupiti wala haurudi… "Mama Dina," Yustina ananinong'oneza, jirani yangu huyu, bega lake kwenye bega langu, "kaka yako amepatwa na nini?" na mimi najifanya sijasikia, kwa sababu ninachokiona ni kikubwa mno, siwezi kukitazama na kuongea kwa pamoja… watu wote hawa, Mungu wangu, wamejaa mpaka kule kwenye mawe makubwa, na watoto juu ya mawe, wote wananyamaza kumsubiri mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekoroma ubavuni mwangu jana, na kaka yangu Alute, aliyekatishwa nyasi za baraza siku saba na halmashauri hiyohiyo alimokaa mume wangu, leo anamuuliza swali na mwenyekiti hamfukuzi, mwenyekiti anafuta miwani anasema, "Mwananchi ana haki ya kuuliza, ila kwa Kiswahili, mzee, na kwa adabu," mwananchi, Alute huyu mwananchi, zamani bwana DC akija tuliambiwa tukae chini tutazame miguu yetu, na mimi Marietha nisiyejua kuandika jina langu, wanaume wawili wazima wanasimama juani tangu asubuhi wananiomba mimi kura, karatasi ya rais ina ndiyo yake na hapana yake, hiyo haikutugombanisha, hii ya ubunge ndiyo iliyotugawa mpaka visimani, Jembe au Nyumba, chama kimoja, gari moja, benchi moja, asubuhi wamekunywa chai ya birika moja nyumbani kwangu, na Mwalimu Laurian wa Nyumba akasema asante shemeji, chai ina tangawizi nzuri, na sasa hata yeye amekaa ukingoni mwa benchi, hacheki, anajifuta jasho tu, mtu mwema yule, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi… "Ajibu!" wanapiga kelele watu wa Nyumba, "Ajibu huyo mwanajeshi!" ndiyo, mwanajeshi, hilo nalo, wiki tatu hizi sijasikia kitu kingine, huyu anasema Mughwai aliua Wajapani huko Bama kwenye vita ya Mwingereza mpaka bunduki ikawaka mkononi, yule anasema wapi, alikuwa mpishi, amewapikia Wazungu maharage vita nzima, mwingine anauliza anayempigania Mwingereza atatupigania sisi kweli, na yeye hakatai wala hakubali, hotuba yake ni fupi kuliko sala ya kabla ya chakula, "Nilikuwa jeshini, nikarudi, nikafuga, mkanituma halmashauri, nikanyoosha mkono, asanteni," anakaa, Mwalimu Laurian anasema saa nzima maneno matamu ya shule na zahanati, watu wanapiga makofi, halafu wakirudi nyumbani wanarudia ya Mughwai, sijui kwa nini, labda kwa sababu yanatosha mdomoni… "Ulinyoosha mkono!" Alute anasema sasa, sauti imepanda, "mwaka ule baada ya njaa, halmashauri inauliza nani anataka kila kaya ilime ekari ya mihogo, asiyelima afungwe, ukanyoosha mkono, mkono huo huo, mimi nikaumwa sikulima, nikakatishwa nyasi mbele ya wakwe zangu, sasa nauliza, mkono huo umewahi kulima nini? Nani hapa amemwona Mughwai na jembe? Mkewe ndiye analima! Dada yangu ndiye…" na hapo lugha ya nyumbani imemponyoka, mwenyekiti anagonga meza, "Kiswahili, mzee, Kiswahili," na Alute anatafuta neno, na mimi najua neno analolitafuta, nalijua kwa sababu liko kwenye jina alilomwita, Baba Dina, hakumwita hivyo kwa heshima, amemkumbusha… mwaka wa njaa, yale mahindi ya njano ya msaada yalichelewa, na Dina wetu, mkubwa wetu, alikwisha polepole, hakulia, aliomba maji tu, na walipokuja wanaume kuchimba kaburi Mughwai hakuwepo, alichukua ng'ombe wachache waliobaki akaenda nao mbali huko mbugani, akarudi jioni kila kitu kimekwisha, na aliyemchimbia mwanangu ni Alute, peke yake, kwenye ardhi kama hii, viganja vikatoka damu, akamtazama shemeji yake anarudi na ng'ombe, na hajamsamehe mpaka leo, ningemlaumu vipi, mwanamume asiyemchimbia mtoto wake kaburi, na mimi sikusema, ningesema nini, ningesema ulemavu wa mume wangu uko mikononi na hauonekani… maana mimi niliuona, msimu wetu wa kwanza wa ndoa, mvua imenyesha vizuri, ametoka vitani hata mwaka haujaisha, akashika jembe kama mwanamume mwingine yeyote, nikamwacha anaanza tuta la kwanza nikaenda kisimani, nikarudi na mtungi sikuona tuta, niliona kichwa na mabega, alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, shimo refu la kimo cha mtu, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, kazi safi, sijaona shimo safi namna ile, na bado anachimba, jasho na matope, nikamwita Mughwai, Mughwai we, akainua uso lakini hakuniona mimi, akasema kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Haya, mleteni anayefuata"… Mungu wangu, bado nasikia, mleteni anayefuata, nilimnyang'anya jembe, nikalifukia lile shimo mwenyewe, nikapanda maboga juu yake, na yakazaa sana yale maboga, sikuweza kuyala. Tangu siku hiyo nalima mimi. Yeye achunge, ajenge, akamue, akae halmashauri, jembe ni langu, na watu wakinicheka ati nimeolewa na bwana mkubwa nacheka nao, nina mdomo wa kutosha… na ndiyo, alinyoosha mkono kwa ile ekari ya mihogo, nilimuuliza siku ile, wewe unayejua jembe lilivyo kwako unawalazimisha wengine, akaniambia, "Mama Dina, nimewaona waliozikwa na nimeiona njaa, afadhali watu wanichukie wakiwa na mihogo," nami nikasonya nikageukia ukutani, sikuona ukubwa wake, naona leo, mbona naona leo… "Kama hawezi aseme hawezi!" anapiga kelele kijana mmoja wa Nyumba, na wa Jembe wanamjibu kaa chini wewe ulizaliwa juzi, Yustina ananibana mkono, "Mama Dina, sema kitu, sema anaumwa mgongo," na kweli ningeweza, miguu imeshajikunja chini yangu, kazi yangu hii miaka yote ni kumwahi na kumnyang'anya, ninyanyuke, nicheke, niseme jamani mgombea wetu mgongo, niacheni nilime mimi, si mnajua nyumbani kwetu mimi ndiye Jembe, watu wataanguka kwa kicheko, mkutano utaendelea, kura zetu zitabaki palepale, na Alute atakwenda nyumbani na donda lake kama alivyokuja nalo… Alute. Kaka yangu. Hujui. Katika mashimo aliyoyachimba Mughwai huko Bama limo la Stefano, mdogo wetu, mdogo wako uliyembeba mgongoni, aliyekwenda keya, jeshi la Mwingereza, pamoja na Mughwai, serikali ilisema hajulikani alipo, na mama yetu kila pombe ikipikwa alimwekea kibuyu chake mpaka naye akafa, kumbe alijulikana alipo, mume wangu anajua, alimweka kwa mikono yake, mvua inanyesha, hakuna padri, hakuna hata blanketi, aliniambia mara moja tu, siku ya yale maboga, "Stefano alikuwa wa mwisho siku ile, wala sikujua ni yeye mpaka nilipomfuta uso," na akaniomba nisimwambie mama, kwa sababu wiki ile ile mto ulipanda ukachukua ukingo wote, makaburi yote, angemwambia mama nini, kwamba alimzika au kwamba alimpoteza… kwa hiyo hakuwa muuaji wa Wajapani wala mpishi wa maharage, jamani, alikuwa mchimbaji, vita nzima alishika sepeto na sururu, akazika watoto wa watu, na hakuwahi kusema sentensi moja ya kujisifu ili achaguliwe, ameacha mseme mpishi… Amesimama. Mwenyekiti anasema, "Mgombea halazimishwi," na Mughwai hamsikii, amenyoosha mkono, mkono huo huo, umefika kwenye mpini, umeushika, miaka yote hii sijauona mkono ule kwenye mpini, vidole vimejua mahali pake mara moja, ametoka mbele ya meza, anasimama kwenye vumbi, lakini hatazami chini, anamtazama Alute, anaanza kwenye nyayo, anapanda magoti, kifua, taratibu, mpaka utosini, "Atampiga," Yustina anasema, "Mama Dina, atampiga na jembe!" na watu wa mbele wamerudi nyuma, mama mmoja ameshika mtoto, Mwalimu Laurian ameinuka nusu kwenye benchi, na Alute mwenyewe amekaza miguu anangoja kupigwa… hampigi. Hakuna anayeyajua macho yale uwanjani hapa isipokuwa mimi, niliyaona yakitazama kutoka shimoni, anampima, Alute na Stefano walikuwa kimo kimoja, mama alikuwa akikata kitambaa cha kaptula mara mbili kwa kipimo cha mmoja, Mughwai anampima kaka yangu kwa ajili ya mdogo wake, anataka kulima wanachomwambia alime, na najua kitakachotoka ardhini si tuta, kitatoka kile kile, kirefu, kimenyooka kingo, mbele ya watoto, mbele ya chama, na nani atampa kura mtu aliyechimba kaburi kwenye mkutano wa kampeni, watasema wazimu, watasema uchawi, ubunge umekwenda, umekwenda kweli, na jina la nyumba yetu juu yake, bado naweza kumwahi, ni hatua chache, mpini naujua ulivyo… na sijainuka. Namtazama tu, na najiona mdogo, kama siku ile ya kwanza nilipopelekwa kwenye yale mawe makubwa nikainua macho nikaogopa na nikapenda kuogopa, nimeolewa na mtu gani mimi, nililala na mlima nikadhani ni mgonjwa, nikamfichia mikono yake kama aibu, kumbe ndani ya mikono ile wamo wana wa akina mama wangapi, na wa mama yangu yumo, na hakumwangusha, mto ulimchukua yeye hakumwangusha… Yustina ananitikisa, "Mama Dina!" wa Nyumba wanaimba, wa Jembe wanaimba, jembe liko mkononi mwake, bado halijagusa ardhi, Alute bado amekaza miguu pale pale, jua liko pale pale, na ukindu wangu ndio huu, naupitisha kwenye kikapu, naukaza, nakaa vizuri chini, sikunyang'anyi leo, mume wangu, chimba, wacha kura ziende zinakokwenda, anayefuata ni Stefano, na kaka yake amekuja, chimba.