Chembe Nyeupe za Kokushubila

Kokushubila alirudi kijijini Izigo kutoka hospitali ya Mwanza akiwa hana nywele, ila ana agizo moja la daktari: dawa ya kansa imezipunguza mno chembe nyeupe za damu, kwa hiyo kwa wiki mbili asikae na watu, hasa wenye mafua. Akipata homa, aende hospitali Bukoba siku hiyohiyo.

Daktari yule hakuwajua Wahaya. Kesho yake walikuja jirani kumi na wawili kumpa pole. Binti yake, Anatolia, aliwazuia uani akawaeleza kwa upole. Wakaelewa kabisa, kisha wakaingia ndani mmojammoja kumwambia mgonjwa kwamba wameelewa.

Siku ya tatu Kokushubila alifunga mlango. Ndipo akaja Clavery, mwenyekiti wa kijiji, mtu ambaye tangu achaguliwe hakuwahi kusalimia kwa chini ya robo saa. Aliuhutubia mlango. Alisema kujitenga ni ubepari, na shamba la pamoja halijamwona Kokushubila msimu mzima.

Kokushubila alifungua dirisha kidogo. "Ndugu Mwenyekiti, nimeishiwa chembe nyeupe."

Clavery alitafakari, akaahidi kulifikisha suala hilo kwenye kamati ya ugavi. Kisha akapiga chafya, palepale dirishani.

Baada ya siku mbili homa ilipanda. Anatolia alikimbia kuomba trekta la kijiji, akajibiwa asubiri kikao. Hakusubiri. Alisimamisha lori la kahawa, na dereva, Yunus, akawapakia wote wawili mbele. Kokushubila, aliyezoea kumcheka kila mtu, hakufanya mzaha hata mmoja mpaka Bukoba. Alimshika binti yake mkono, akaogopa kimyakimya.

Alichomwa sindano siku nane, katika chumba cha peke yake. Akapona homa.

Aliporudi, Clavery alitangaza mkutanoni kwamba ujamaa umemwokoa mama huyu, akamwita atoe shukrani. Kokushubila, aliyekaa pembeni kabisa, alisimama. Alimshukuru Anatolia, wauguzi na Yunus. Akaketi. Clavery akapiga makofi peke yake.

Aliporudi tena kutoka Mwanza baada ya awamu ya pili ya dawa, Kokushubila hakufunga mlango. Alimwomba Klaudia, mke wa Clavery, akae langoni na jembe lake. Klaudia ndiye mtu pekee aliyeogopwa na kijiji kizima, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Kwa wiki mbili hakupita hata kuku.