Msuku wa Mama Chibesa

Huko Kasama, kaskazini mwa Zambia, mwanamke anayeacha majani uani kwake ama amefiwa, ama anaumwa, ama ni mvivu aliyeshindikana. Nkandu hakuwa lolote kati ya hayo. Kwa miaka arobaini alidamka kabla ya jua, akainama na ufagio wake wa vijiti, akafagia mpaka udongo mwekundu ukabaki mtupu. Usafi huohuo ndio uliomuulia miche miwili ya msuku, mti wa matunda matamu ya porini.

Na alikuwa na haja kubwa na mti huo. Binti yake Chibesa, aliyeolewa Kitwe, alikuwa akija kila Oktoba kula masuku. Wachoma mkaa walipoufyeka msitu wa jirani, akaacha kuja. "Nije kula nini, mayo, mama yangu?" aliuliza kwenye simu, akacheka. Nkandu naye akacheka. Simu ilipokatika akabaki na maneno yale, nyumba nzima kimya, maana mumewe alishazikwa na majirani walikuwa na mambo yao. Kama ni masuku, basi atayapanda mwenyewe.

Mche wa kwanza aliung'oa porini, akaukung'uta udongo wote, akaiosha mizizi kama anavyoosha mihogo, akaupanda kwenye shimo safi lisilo hata jani. Ukafa. Wa pili vilevile. Mwape, mchuma uyoga wa ng'ambo ya mto, alimcheka bila huruma.

"Umeuosha? Mama Chibesa, wewe huachi hata mti ukae na uchafu wake? Hebu njoo."

Akampeleka chini ya misuku michache iliyosalia, akafukua majani yaliyooza. Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za mshonaji, zilikuwa zimeishika mizizi mpaka hujui mzizi unaishia wapi.

"Huyu ndiye mama wa uyoga," Mwape alisema. "Ule tunaokula ni watoto wake tu. Mzizi wenyewe haufiki mbali, sasa nyuzi ndizo zinauendea maji na chakula, na mti unazilipa utamu wa majani yake. Halafu kuna vijidudu, bwana misitu anasema macho hayavioni, ndivyo vinavyoozesha haya majani, kila mmoja apate chake. Msuku hauli peke yake. Ukiutenga unakufa njaa, na udongo umejaa chakula."

Njaa ya namna hiyo Nkandu aliijua.

Desemba akaleta mche wa tatu pamoja na beseni tatu za udongo wa palepale, akautandikia majani yaliyooza, na ufagio akaacha kuugusa. Iliuma. Watu walipita njiani, wakachungulia uani, wakanong'ona, wakaenda zao. Lakini mche ulitoa majani mawili, kisha manne, na kila asubuhi alichuchumaa kando yake akauhesabia miaka iliyobaki mpaka uzae.

Mei, mvua zilipokatika, wakaja wanawake sita wa kanisani, na mafagio na majembe, Kasuba akiwa mbele. Tangu Krismasi hakuna mtu aliyekuwa ameingia ua ule.

"Hodi, mayo. Tulidhani umekufa."

"Sasa mbona mmeleta mafagio? Si mngeleta jeneza."

"Jeneza ghali. Mafagio tunayo."

Walicheka wote, na Nkandu alicheka mpaka akashika mbavu. Kasuba akamshika mkono. "Ni mgongo, eh? Umeumwa muda wote huu, na hukutuita?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: siumwi, majani nimeyaacha makusudi, msiyaguse. Lakini akisema hivyo watamshangaa kidogo, watamsalimu, watageuka. Mmoja alikuwa ameshaanza kutazama njia.

"Mgongo," akasema. "Unanisumbua sana."

Basi wakafanya kazi. Walifagia, wakaparua, wakachoma majani. Kasuba mwenyewe aliupalilia mche kwa jembe, kwa upendo wote, akaondoa ule udongo mweusi mpaka chini, na nyuzi nyeupe zikabaki juani. Nkandu aliziona. Alikuwa amebeba jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Akaenda kumjazia kila mtu kikombe, akauliza habari za wajukuu mmoja mmoja, akawakalisha mpaka jua likapita utosini.

"Ukizidiwa tena utuite," Kasuba alisema wakiondoka. "Usiringe."

Wiki ile majani ya mche yalijikunja. Wiki ya pili yakakauka. Nkandu aliung'oa kwa vidole viwili, akautupa nyuma ya jiko, na moyo ukamuuma kwa sababu alijua angefanya vilevile tena.

Asubuhi iliyofuata alidamka kabla ya jua. Upepo ulikuwa umetapanya majani ua mzima. Aliyatazama, akarudi ndani, akajilaza na mkono mgongoni, akatega sikio njiani.