Jino la Kumi na Tatu

Anatole alirudi kutoka Mbarara Jumanne mchana na bolti mbili mpya, akaziweka juu ya benchi langu la ufundi hapa Kashojwa, kwenye makazi yetu wakimbizi, kama mtu anayekabidhi kombe. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti.

"Nusu inchi kamili," alisema. "Mwenye duka ameapa."

Mwenye duka angeapa hata kwa ajili ya msumari.

Plau ya kikundi ni chuma cha Kiingereza, kizee kuliko wanachama wengi. Ncha yake, lile bamba la mbele linalokata udongo, hushikwa na bolti mbili zinazoingia moja kwa moja katika mguu wa plau. Hakuna nati; meno yamechongwa ndani ya chuma chenyewe. Ncha mpya tulikuwa nayo. Zilizokwisha ni bolti: mchanga ulikuwa umesaga vichwa vyake vikawa bapa kama sarafu, na ncha ilikuwa inacheza.

Nikalaza bolti ya zamani ubavuni mwa mpya, meno kwa meno, nikaziinua dirishani. Meno mawili ya kwanza yalishikana. La tatu liliacha mwanga upite. La sita lilikaa juu ya jino la mwenzake.

"Ya zamani ina meno kumi na mawili kwa inchi," nilisema. "Hii ina kumi na matatu."

"Jino moja?" Anatole alicheka. "Papa Ineza, mimi mwenyewe nimepungukiwa matatu, na nyama ninakula."

"Wewe hukazwi kwa spana."

Orpa hakucheka. Ni jirani yangu, Mkongomani wa Kivu Kusini, na zamu ya plau ilikuwa yake. Alikuwa amepalia migomba ya mwenye maksai kwa wiki mbili ili apewe wanyama hao Alhamisi, siku moja tu. Ijumaa walikuwa wanakwenda kwa mtu mwingine. Mvua ilikuwa imeshaanza. Kwa jembe la mkono angepata robo ya shamba lake, na mbegu iliyobaki angeipika.

"Papa Ineza, itapona?" aliuliza.

"Nikipata bolti ya haki. Kesho naenda mwenyewe. Msiguse kitu."

Nilisema hivyo kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kirundi, nikimnyooshea Anatole kidole.

Mjini Mbarara, duka la kwanza halikuwa na kitu ila lilikuwa na ushauri. La pili lilikuwa na bolti zilezile za Anatole.

"Ssebo, bwana, hii ni saizi moja," muuzaji aliniambia. "Wewe peleka, itaingia."

"Kila kitu kinaingia ukikipiga nyundo."

"Basi nunua na nyundo."

Nilivuka mto Rwizi hadi Nyamitanga, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipekua lundo lake kwa saa nzima, nikipima kila bolti kwa ile ya zamani. Mwenye lundo aliniuliza kama natafuta bolti au mchumba. Mwishowe nilifungua mbili kwenye fremu ya mashine iliyokufa. Nikazilaza, nikaziinua. Hapakupita mwanga, tangu jino la kwanza hadi la mwisho.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Kando ya plau palikuwa na bomba la maji lenye urefu wa mita moja, limechomekwa kwenye mkono wa spana yangu. Anatole alikuwa amesimama karibu nalo.

"Iliingia," alisema. "Iliingia vizuri sana. Halafu ikawa inazunguka tu."

Nilitia kidole katika tundu la kwanza. Meno yaliyodumu miaka sitini yalitoka kama unga.

"Orpa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilimuacha, Papa Ineza. Uliniogopesha, ulikawia."

"Na tundu la pili?"

"Ile nilikalia. Alisema nitoke, nikakataa."

Dawa sahihi ilikuwa kutoboa tundu kubwa zaidi na kuchonga meno mapya. Chombo cha kazi hiyo kiko Mbarara, na kazi yenyewe ingechukua siku tatu. Nyuma ya tundu hapana nafasi ya nati, ila upenyo wa kupitisha tindo tu. Kwa hiyo nilifunga bolti ya haki katika tundu zima. Ya pili niliichoma mkiani kwa makaa hadi ikawa nyekundu, nikaipitisha katika tundu lililokufa, nikaponda mkia kwa tindo butu hadi ukatanuka ukashika. Nimeshawafukuza watu kwenye benchi hili kwa kazi safi kuliko hiyo. Anatole alishika koleo. Kwa kuwa hakuruhusiwa kufikiri, alilishika vizuri.

Alhamisi plau ilikata udongo. Anatole alisimama pembeni akiwaeleza wanachama kwamba bolti zimetoka Mbarara, jambo ambalo ni kweli na halina maana.

Nilimfuata Orpa nyuma ya maksai. Nilimwambia kwamba ncha hii ikiisha, itabidi bolti niliyoiponda ikatwe kwa tindo, kwamba mguu wa plau una tundu moja tu la kuaminika, na kwamba kazi niliyofanya ni ya aibu.

Hakugeuka.

"Mwaka kesho utatutukana muzuri, Papa Ineza," alisema. "Sasa toka mu njia ya ngombe."